Kipele Chenye Kitovu

Katika mizigo ya Bwaise jijini Kampala, vyumba vya kupanga ambamo watoto hulala godoro moja na kujifutia taulo moja, ugonjwa wa moluskamu hauhitaji msaada kuenea. Virusi vyake hupita ngozi kwa ngozi, au kwa kitambaa kilichogusa kipele. Wiki chache baadaye hutokea vipele vidogo vinavyong'aa, vya milimita 2 hadi 5, kila kimoja na kishimo katikati. Haviumi wala havileti homa, na kwa mtoto mwenye afya huisha vyenyewe baada ya miezi kadhaa. Kwa nini basi tujisumbue kuvitazama kwa hadubini?

Kipande cha ngozi huhifadhiwa kwenye fomalini, huimarishwa kwa nta, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa rangi mbili: hematoksilini ya buluu na eosini ya waridi. Tazama kwanza umbo zima. Tabaka la juu la ngozi limenenepa na kuzama chini kwa vifundo kadhaa, vyote vikikutana kwenye tundu moja kama ndizi za chane zinavyokutana kwenye kikonyo. Tundu hilo ndilo kitovu cha kipele.

Sasa sogea karibu. Safu ya chini kabisa ya seli ni kama ya kawaida. Juu kidogo, ndani ya seli lakini nje ya kiini chake, huonekana chembechembe za waridi. Kadiri seli inavyopanda, chembechembe huungana kuwa donge linaloijaza seli yote na kukibana kiini ukingoni. Karibu na uso wa ngozi donge hugeuka buluu iliyoiva, na laweza kufikia upana wa mikroni 35, mara tano ya chembe nyekundu ya damu. Mwishowe madonge humwagika kupitia tundu, yakiwa yamesheheni virusi. William Henderson na Robert Paterson waliyaeleza mwaka 1841, kila mmoja kwa kazi yake, kabla dunia haijajua virusi ni nini.

Jambo la kushangaza liko chini ya vifundo: askari wa kinga ni wachache mno. Jenomu ya virusi hivi iliposomwa mwaka 1996, zilionekana jeni zinazofanana na za binadamu, na baadhi ya protini zake huzima ishara za kuita kinga. Kipele kikipasuka kwa ndani, kinga hugutuka na kuvamia. Ndiyo maana kipele kinachovimba na kuwa chekundu mara nyingi kinakaribia kupona.

Kwa mtu mzima mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, vipele hujaa usoni na vingine huwa vikubwa kupita sentimita moja. Hapo macho hudanganya. Kuvu ya kriptokokasi, inayoua kwa homa ya uti wa mgongo, huweza kutoa vipele vyenye kitovu vilevile. Kwenye kioo tofauti ni dhahiri: madonge ya moluskamu yamo kwenye tabaka la juu, ilhali kuvu hujaa ngozi ya ndani, kila chembe na utando mweupe kuizunguka. Mpox nayo, iliyoingia Uganda mwaka 2024 na kufika Kampala, ni ya ukoo mmoja na moluskamu, ule wa virusi vya poksi, lakini huua seli za ngozi mapema na kuacha vidonda. Uthibitisho wake hutoka kwenye kipimo cha PCR.

Si lazima kusubiri maabara kubwa ya hospitali ya Mulago kila mara. Ute mweupe wa katikati ya kipele ukipondwa kati ya vioo viwili na kutiwa rangi ya Giemsa, ile inayotumika kutafutia malaria, madonge huonekana. Mtu mzima mwenye vipele vingi usoni apimwe VVU, na akiwa na homa au kichwa kinachouma asirudishwe nyumbani na dawa ya kupaka. Kuyatambua madonge hayo kunamtuliza mama wa mtoto mwenye afya. Kuyakosa kwa mgonjwa wa namna hiyo ni sababu ya kuharakisha kumtafutia kuvu.