Vinyago Dirishani, Adui Mezani

Meza ya chakula cha jioni ya akina Davison haijakosa kitu. Wapo wazazi wanaosherehekea miaka 35 ya ndoa, watoto wanne wazima pamoja na wake na wapenzi wao, mvinyo wa kutosha, na ugomvi wa tangu utotoni ambao kila mmoja amekuja nao kama mzigo wa safari. Drake anamchokoza mdogo wake Crispian. Crispian anajibu. Sauti zinapanda, kila mtu anamkatiza mwenzake. Tariq, mpenzi wa binti wa nyumba, anahisi ameona kitu nje, anasogea dirishani kuchungulia, na mshale unapasua kioo na kumwingia kwenye paji la uso. Wenzake bado wanagombana. Mtu amekwisha kufa kwenye chumba kilekile, nao hawajamaliza kutupiana maneno.

Ndivyo filamu ya You're Next inavyojitambulisha, na mpenzi wa sinema za kutisha aliyezoea kubaki macho usiku wa manane anajua papo hapo kwamba ameangukia mikono salama. Mwongozaji wake ni Adam Wingard, ambaye aliihariri yeye mwenyewe, na mwandishi wake ni Simon Barrett. Ilipigwa picha kwenye jumba kubwa la kale mjini Columbia, jimbo la Missouri nchini Marekani, kwa bajeti ya takribani dola milioni 1. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011 katika Tamasha la Filamu la Toronto, kwenye safu ya filamu za usiku wa manane. Kampuni ya Lionsgate ikainunua, lakini watazamaji wa kawaida walisubiri hadi Agosti 2013 ndipo ikafika kwenye majumba ya sinema. Ambaye hajaitazama hadi leo aishie hapa, maana yafuatayo yanafichua kila kitu.

Sinema za wavamizi wa nyumbani zina ukoo mrefu. Mwaka 1967 Audrey Hepburn aliigiza mwanamke kipofu aliyezingirwa na wahalifu nyumbani kwake katika Wait Until Dark. Mwaka 1974 Black Christmas ikamficha muuaji darini mwa bweni la wasichana, na simu za vitisho zikawa zinatoka ndani ya nyumba hiyohiyo. Kisha ikaja The Strangers ya Bryan Bertino, mwaka 2008, ambayo mashabiki wengi bado wanaiweka kileleni. Humo Liv Tyler na Scott Speedman, wapenzi ambao posa yao imeharibika usiku uleule, wanaandamwa na watu watatu waliovaa vinyago. Wanapouliza kwa nini, jibu wanalopewa ni kwamba walikuwa nyumbani, basi. Bertino alisimulia kwamba mbegu ya hadithi ilitoka utotoni mwake: wageni walibisha hodi wakimuulizia mtu asiyekuwepo, na baadaye ikajulikana kwamba nyumba za jirani ambazo hazikuwa na watu zilivunjwa.

Hapa ndipo mashabiki wanapogawanyika. Kundi moja linashikilia kwamba uovu usio na sababu ndio unaotisha kuliko wote, na kwamba You're Next inajiharibia pale inapofichua kwamba wauaji wake watatu, waliovaa nyuso za mwanakondoo, chui milia na mbweha, ni watu waliokodiwa. Aliyewakodi ni Felix, mtoto wa nyumba, akishirikiana na mpenzi wake Zee. Wanachotaka ni mirathi. Baba yao amestaafu kutoka kampuni ya zana za kijeshi akiwa na fedha nyingi, na wazee hawaelekei kufa upesi.

Wanaolalamika hivyo wanasahau kitu. Muuaji asiye na sababu anatisha kwa saa moja na nusu, halafu mtu anafunga mlango kwa makomeo mawili na kulala. Mtoto anayekaa mezani akipiga hesabu ya mali ya wazazi wake, huku akipitisha bakuli la chakula, hafungiwi nje kwa komeo lolote. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Barrett ameijengea kauli hiyo nyumba nzima. Mapema kabisa mama anasikia kishindo ghorofani. Baadaye baba anagundua kwamba wauaji walikuwa wamejificha humo kabla wageni hawajafika. Ukiitazama mara ya pili, ule ugomvi wa mezani unabadilika sura: unaanza kumtafuta Felix kwenye kila picha, unamwona alivyo mtulivu, na unashangaa ilikuwaje hukumwona mwanzo.

Na bado kuna pigo jingine. Crispian, yule anayeonekana mpole, aliyetoka nje eti kutafuta msaada, naye alikuwa kwenye mpango. Alitoka kwa sababu hakuwa na moyo wa kutazama. Anaporudi na kukuta njama imeharibika, anajaribu kumtuliza mpenzi wake kwa kumwahidi fedha. Ni onyesho la kuchekesha na kuchukiza kwa pamoja. Mtu aliyelipia mauaji ya mama yake anazungumza kama dalali ambaye bei haijakubalika.

Mpenzi huyo ni Erin, na bila yeye filamu hii ingesahaulika. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kimarekani Carol Clover aliandika juu ya msichana wa mwisho, yule anayebaki hai baada ya wenzake kuchinjwa. Mara nyingi msichana huyo hupona kwa kukimbia, kupiga mayowe na kupata ujasiri dakika za mwisho. Erin, anayeigizwa na Mwaustralia Sharni Vinson, hangoji dakika za mwisho. Mara tu mishale inapoanza kuruka, anatoa amri: tokeni karibu na madirisha, fungeni milango, nipeni kila chenye makali. Anapigilia misumari kwenye mbao na kuzitandaza chini ya madirisha. Anamuua yule wa kinyago cha chui milia kwa nyundo ya kulainishia nyama. Gizani, chini ya nyumba, anatumia mwanga wa kamera kumchanganya adui. Felix anamalizwa kwa blenda, na hapo ukumbi wowote hupiga makofi.

Chanzo cha ujuzi huo kinatajwa kwa sentensi chache: alilelewa Australia kwenye kambi ya watu waliojiandaa kwa mwisho wa dunia, na hakumwambia Crispian kwa kuona haya. Njama nzima inaanguka kwa sababu mwanamume hakumfahamu mwanamke aliyemleta kwao. Alimleta ili awe shahidi, mgeni asiye na maslahi atakayewaeleza polisi kwamba wavamizi walitoka nje. Hakuwa hata kwenye orodha ya watakaouawa.

Kasoro zipo. Kamera inatikiswa kupita kiasi wakati wa patashika, hata mtazamaji hajui nani yuko wapi. Mauaji ya majirani mwanzoni ni ya kukaririwa, ingawa ule wimbo unaojirudia kwenye redio ya nyumba isiyo na mtu aliye hai unakuja kufaa baadaye. Kelly, mke wa Drake, hakupewa utu wowote kabla ya kukutana na shoka.

Utani wa ndani, hata hivyo, unalipa deni. Tariq, mtengeneza filamu anayedharauliwa mezani na kufa wa kwanza kati ya walioketi hapo, anaigizwa na Ti West, mwongozaji wa kweli wa The House of the Devil. Drake ni Joe Swanberg, mwongozaji mwingine. Amy Seimetz, anayeigiza binti wa nyumba, naye huongoza. Mama ni Barbara Crampton, nyota wa Re-Animator ya mwaka 1985, ambaye kazi yake ilifufuka baada ya filamu hii. Na aliye ndani ya kinyago cha chui milia ni Barrett mwenyewe. Mwandishi kajiandikia kifo cha nyundo ya jikoni.

Sokoni ilikusanya karibu dola milioni 27, faida nzuri kwa bajeti yake, ingawa mbali na milioni 82 za The Strangers. Hiyo ya pili ilizaa mwendelezo mwaka 2018, na tangu 2024 mwongozaji Renny Harlin ameianzishia mfululizo mpya. Wavamizi wasio na sababu wanaweza kubisha hodi kwenye nyumba yoyote, mwaka wowote, mradi tiketi zinauzwa. You're Next haijapata mwendelezo. Wauaji wamekufa, waliowalipa wamekufa, na shoka ambalo Erin alilitega mlangoni kwa ajili yao limemwangukia polisi aliyekuja kuokoa watu.