Sukari iko karibu na mpaka: kuipima nyumbani



Mtu anatoka kituo cha afya na karatasi: glisemi 1,15. Muganga amemwambia: «Bado hauna diabete, lakini uko karibu.» Anafika nyumbani, anaweka karatasi chini ya godoro, anasahau. Hapo ndipo shida inaanza, juu sukari ya mpakani haiumi.

Kwanza namba. Kuna mashini inayoandika 1,15, ingine 115, ingine 6,4. Sukari ni ileile, kipimo ndicho kinabadilika, kama vile kuhesabu mupunga kwa kilo ao kwa gunia. Asubuhi, mbele ya kula kitu chochote, Shirika la Afya Duniani linaita mpakani kuanzia 110 mpaka 125. Ikifika 126, na ikirudia siku ingine, ni diabete.

Tuseme wazi: mtu wa mpakani halazimishwi kujichoma kila siku. Hiyo ni kazi ya mwenye kutumia insulini. Vikaratasi vya kupimia ni ghali, na franga hizo zingeweza kununua maharagi. Wewe pima ili ujue sahani yako inakufanya nini.

Chukua siku moja ya kawaida. Pima mbele ya kula bugali ya muhogo. Hesabu masaa mawili tangu tonge la kwanza, pima tena. Tuseme ulikuwa 108, sasa uko 185. Ikipita 140 kisha masaa mawili, ujue chakula hicho kimekuzidi. Juma linalofuata pika bugali ileile, lakini nusu, na sombe, maharagi na ndagala kwa wingi. Pima vilevile. Ukikuta 145, umejifunza kitu ambacho hakuna mtu angekuambia, juu ni mwili wako. Fanya hivyo na muchele pia, na chai yenye sukari. Vikaratasi kumi vinatosha kwa mafunzo mengi, mradi uandike kila namba katika daftari pamoja na kile ulichokula.

Sasa mambo yanayodanganya mashini. Ukitoka kutafuna muwa ao kumenya embe, sukari iko kwenye kidole, na mashini itaisoma kama ya damu. Nawa na sabuni, kausha vizuri, kisha choma pembeni ya ncha ya kidole. Hata hivyo mashini nzuri inaruhusiwa kukosea mpaka 15 kwa mia, kwa hiyo 112 leo na 119 kesho isikutishe. Siku za homa ya malaria usihesabu: ugonjwa unapandisha sukari, na damu ikipungua sana mashini inasoma juu kuliko ukweli.

Joto nalo. Vikaratasi vingi vinaomba visipite digri 30, na hapa kwetu katika bonde la Ruzizi mchana unapita hapo mara nyingi, zaidi chini ya manjanja. Viache ndani ya kikopo chao, kifuniko kimefungwa, mahali pa baridi pasipo na maji. Angalia tarehe ya mwisho mbele ya kulipa.

Kama kikundi kinataka kununua mashini moja pamoja, ni wazo zuri, lakini kisindano ni cha mtu mmoja na mara moja tu. Kuchangia kisindano kunapitisha ukimwi na homa ya ini. Na mashini yenyewe ipanguzwe kwa dawa ya kuua vijidudu kila mtu akimaliza.

Je, kuna faida gani? Marekani walifuata watu zaidi ya 3.000 wa mpakani, matokeo yakatoka 2002. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya diabete kwa 58 kwa mia, kuliko hata waliopewa dawa ya metformin. Kulima kunahesabika, lakini kukaa sokoni kutwa hapana, na wauzaji wetu wanajua.

Ukiona kiu isiyoisha, mkojo mwingi usiku ao unakonda bila sababu, usingoje daftari lijae: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama hakuna dalili, rudi angalau mara moja kwa mwaka wakupime damu ya mshipa, na ubebe daftari. Muganga atasoma humo zaidi kuliko katika namba moja ya asubuhi.