FANELI ILIYO TUMBONI MWA MWANAMKE

Ukienda dukani hapo Mgwashi kununua mafuta ya taa, muuzaji huchukua faneli. Juu ni pana, chini ni nyembamba. Mafuta huingia katika chupa bila kumwagika.

Ndani ya miili yetu pia kuna sehemu zenye umbo la faneli. Madaktari huziita infandibulamu. Neno hili limetoka katika Kilatini, na maana yake ni faneli. Iko infandibulamu chini ya ubongo. Iko nyingine katika moyo, mahali damu inapotoka kwenda mapafuni. Basi ukilisikia neno hili hospitalini, uliza: "Ni faneli ya wapi, Daktari?"

Leo tujifunze faneli za uzazi.

Mwanamke ana mirija miwili ya uzazi, kulia na kushoto. Kila mrija una urefu wa sentimita 10 hivi. Mwisho mmoja umeungana na mfuko wa uzazi. Mwisho wa pili uko karibu na kifuko cha mayai. Huo ndio uliopanuka kama faneli, na ukingoni una nyuzi laini kama vidole vidogo. Daktari wa Italia, Gabriele Falloppio, aliieleza mirija hii katika kitabu chake cha mwaka 1561. Ndiyo maana huitwa mirija ya Falopia.

Yai linapopevuka, faneli hulipokea. Yai huishi kama siku moja tu. Likikutana na mbegu ya mume ndani ya mrija, mimba hutungwa. Kisha husafiri kwa siku chache hadi mfuko wa uzazi na kukaa humo.

Faneli ya dukani ikiziba, mafuta hayapiti. Mrija wa uzazi nao huweza kuziba. Kisonono na klamidia visipotibiwa mapema huacha makovu ndani yake. Mara nyingi mwanamke hasikii maumivu yoyote. Miaka inapita, mtoto hapatikani. Watu husema amerogwa. Mume hutaka kuoa mke mwingine.

Ndugu mume, usimlaumu mkeo. Huenda tatizo ni lako. Nendeni wote wawili mkapimwe. Mmoja akiwa na ugonjwa wa zinaa, tibiwani wote wawili. Akitibiwa mmoja tu, ataambukizwa tena.

Iko hatari kubwa zaidi. Mimba inaweza kukwama katika mrija wenye makovu. Ikikua humo, mrija hupasuka na damu hujaa tumboni. Dalili ni hizi: mama amekosa hedhi, ana maumivu makali chini ya tumbo, anatokwa damu kidogo, anaona kizunguzungu au anazimia. Si lazima dalili zote zionekane pamoja.

Mama huyu hawezi kungoja asubuhi, wala kungoja mvua ikatike. Dawa za mitishamba hazitamponya. Njia zetu ni za milima, kwa hiyo ondokeni mapema. Mpelekeni hospitali inayofanya upasuaji, Bumbuli au Lushoto. Akifika mapema, atapona.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Infandibulamu maana yake nini?
2. Kwa nini mume na mke watibiwe pamoja?
3. Mama akizimia usiku kijijini kwenu, nani atatoa gari au machela?