Kopo linalopima kisima Kianjai

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Sasa halina karatasi, na kutu imeanza kulishika ukingoni. Limetobolewa kitakoni, kamba ya katani ikapitishwa na kufungwa fundo linaloziba tundu, kisha nati mbili kubwa zikaning'inizwa ndani kuongeza uzito. Mama mmoja mkulima wa Kianjai, Tigania Magharibi, hulishusha kisimani kila alfajiri kabla ndoo ya kwanza haijateremka.

Linashuka mdomo ukiangalia chini. Likigusa maji, hewa iliyonaswa ndani hutoa mlio mfupi, mzito: po! Hapo mama huibana kamba kwa vidole kwenye ukingo wa kisima, akalivuta kopo huku akihesabu mafundo. Kila fundo ni pima moja, aliyoipata kwa kunyoosha mikono yake mwenyewe. Katikati ya mafundo amefunga vipande vya kanga kuukuu kuonyesha nusu pima. Penye fundo la kumi na moja pana kitambaa chekundu.

Nilikuwa nimekwenda Kianjai kuuliza habari za bei ya nyanya. Niliposikia mlio ule nilisahau nyanya.

Hesabu huandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala: ya asubuhi kushoto, ya jioni kulia. Mama ananieleza taratibu, akirudia pale anapoona sijashika. Jioni, baada ya kunywesha, maji huwa yameshuka. Usiku kisima hujirudisha chenyewe. Kikirudi chote, kesho matuta yote yatapata maji. Kikipungukiwa na nusu pima, nyanya na sukuma wiki ndizo zitakazonyweshwa. Kabichi zitangoja chini ya matandazo ya mabua ya mahindi, na yeye anasema zinajua kungoja. Kikifika kitambaa chekundu, shamba lote linafungwa. Maji yaliyobaki ni ya jikoni na ya ng'ombe. Hakuna anayebishana na kitambaa hicho, hata mwanawe aliyepanda vitunguu kwa pesa za mkopo.

Hakufundishwa na mtu. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, ulimkuta akichota bila kujua anachota nini. Siku moja ndoo ilipanda na tope tupu, mimea ikiwa imeshatoa maua. Anasema hasara haikumuuma kama kule kushtukizwa.

Wenyeji wa Meru wanajua jinsi mambo yalivyo hapo. Milima ya Nyambene hupata mvua, maji yakazama katika miamba ya volkano, mengine yakatokeza kwenye chemchemi na mengine yakabaki chini kulisha visima. Kiangazi ndicho chenye pesa, kwa sababu mazao yanapoadimika bei ya mboga hupanda, na ya miraa pia. Zamani bei ya petroli iliwazuia watu kupiga pampu kutwa. Pampu ya sola, mtu akishamaliza kuilipia, haimdai kitu tena. Jua likiwaka, maji yanapanda.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mama analisema akiwa ameshusha sauti. Jumapili yeye hachoti maji ya shamba. Anakwenda kanisani, na kisima hupumzika mchana kutwa. Jumatatu alfajiri kilipaswa kuwa kimejaa kuliko siku zote. Ananionyesha mlangoni Jumatatu moja baada ya nyingine: maji yako chini kuliko Jumapili asubuhi. Ng'ambo ya ua wa michongoma kuna pampu ya sola ya shemeji yake, na sola haina Jumapili. Ndiyo sababu akaomba nisitaje jina lake.

Je, ni pampu ile kweli, au ni kiangazi kinashusha maji ya wote kwa pamoja? Ingejulikana kama shemeji angezima pampu Jumapili mbili tatu na kopo likashushwa. Mama hajamwomba. Anauliza ataanzia wapi, na mtu ambaye ndiye aliyemsaidia kuchimba kisima.

Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote, hata ya chini ya ardhi, yako mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Vibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na vyama vya watumiaji maji vimewekwa kusaidia kutatua migogoro. Lakini kibali peke yake hakimwambii mkulima maji yameshuka kiasi gani leo. Huko Andhra Pradesh, India, wakulima katika mradi uliosaidiwa na FAO walijipimia visima na mvua wao wenyewe, wakakutana kupiga hesabu ya maji yaliyopo kabla ya kuamua wapande nini. Mama hajapata kusikia habari zao, ila nusu ya kazi yao ameshaifanya peke yake.

Nusu iliyobaki hawezi kuifanya peke yake. WRA na vyama vya watumiaji maji wawakalishe wenye visima na wenye pampu za Kianjai pamoja, kila mmoja aje na vipimo vyake, na wafanye hivyo kabla ya kiangazi kijacho. Kamba na kopo havikosekani katika boma lolote.