Usalama wa Akaunti za Wachezaji wa Michezo ya Video

Akaunti ya mchezaji wa michezo ya video huwavutia wezi kwa kuwa aghalabu hubeba taarifa za malipo pamoja na mali za kidijitali, yaani silaha, mavazi na mapambo ya ndani ya mchezo, ambayo hununuliwa kwa fedha halisi na mengine huweza kuuzwa tena. Mwezi Aprili 2011 wadukuzi, yaani watu wanaoingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini, waliuvamia mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony na kufikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77, hata huduma ikafungwa kwa zaidi ya wiki tatu.

Hata hivyo, mwizi hahitaji kuuvunja mfumo wa kampuni ikiwa mchezaji mwenyewe atamfungulia mlango. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Valve, inayomiliki duka la michezo la Steam, ilieleza kuwa akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikiporwa kila mwezi. Mlaghai humtumia mchezaji kiungo cha tovuti bandia kinachoahidi zawadi za bure, naye akiandika humo nenosiri lake, ambalo pengine hulitumia pia katika barua pepe, huweza kupoteza akaunti ya mchezo na ya barua pepe kwa pamoja.

Kila mchezaji hana budi kutumia nenosiri la pekee kwa kila akaunti na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ambao hudai tarakimu za siri kutoka kwenye simu yake, nazo kamwe asimtajie mtu yeyote.