Mlango Kwanza, Bunduki Baadaye

Ukimtazama mtu anayecheza Door Kickers, gemu ya mwaka 2014 kutoka kampuni ya KillHouse Games ya Romania, utaona muda mwingi unapita bila risasi kulia. Nyumba inaonekana kwa juu, paa limeondolewa, askari wachache wa kikosi maalumu wamejipanga nje, na vyumba wasivyovifikia vimefunikwa giza. Mchezaji anasimamisha saa, anamchorea kila askari njia yake, anaamua nani apenyeze kamera ndogo chini ya mlango na nani arushe bomu la mwanga. Kisha anawaachia. Mara nyingi shughuli nzima haifiki dakika moja. Wengi huiweka gemu hii fungu moja na michezo ya kumimina risasi ovyo, lakini kinachoibeba ni ule mkakati wake mwepesi.

Ushahidi uko mlangoni. Askari akisimama kizingitini, waliomo ndani wote wanamwona, ilhali yeye anaona upande alioelekea tu. Wepesi wa vidole haumsaidii mchezaji hapo, maana askari hufyatua wenyewe. Dawa ni kuingiza wawili kwa mpigo, mmoja akigeukia kushoto na mwenzake kulia, au kuwasubirisha kwenye milango tofauti mpaka ishara moja iwaruhusu wote. Ipo hata changamoto ya kumaliza kazi kwa mpango mmoja, bila kuurekebisha njiani. Anayeijaribu huhesabu kila hatua kama mcheza bao kabla hajainua kete. Na mateka akiuawa, kazi imeharibika hata kama majambazi wote wamelala chini.

Wapenzi wa mikakati mizito watasema huo ni mkakati wa kitoto: hakuna jeshi la kujenga wala hazina ya kulinda. Sawa, lakini kosa linalogharimu dakika moja tu humpa mchezaji moyo wa kujaribu njia nyingine, na huko kujaribu ndiko kufikiri kwenyewe. Mwaka 2018 likaja tawi la Door Kickers liitwalo Action Squad, lililotengenezwa na PixelShard. Humo nyumba inaonekana kwa ubavu na mchezaji anafyatua mwenyewe. Mkakati umebaki kiduchu, yaani uanze na mlango upi na pointi ulizochuma uzitumie lini kujitibu au kuongeza risasi. Hata hivyo, anayekurupuka hafiki ghorofa ya pili.

Pingamizi zito ni jingine: kwamba michezo hii inamzoesha kijana kuona uvamizi wa polisi kuwa burudani, huku hatia ya waliomo ndani ikiwa imeshaamuliwa na mbunifu. Sioni namna ya kulipuuza. Ila kasoro hiyo iko katika kanuni za alama, na kanuni zinaweza kuandikwa vingine. SWAT 4 ya mwaka 2005, kazi ya Irrational Games, inamtaka mchezaji apaze sauti kuamuru watu wasalimu amri. Akimpiga risasi asiyemtishia mtu, anakatwa alama, na katika ngazi ngumu kuliko zote asipofikisha 95 kwa 100 hasongi mbele. Hatari ikishapita bado ana kazi ya kuwafunga pingu wote, mateka nao wakiwemo, kuokota silaha sakafuni na kutoa taarifa kwa redio. Door Kickers haimdai mchezaji kiasi hicho, na hapo ndipo ningeitaka iwe nzito zaidi.