Je, Wajua? Umeme Hafifu Utulizao Kifafa
Je, wajua ya kuwa takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa kifafa hawapati afueni kamili kwa dawa? Kwa ajili ya baadhi yao, chombo kidogo chenye betri, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hupachikwa katika mfupa wa fuvu, nyaya zake zikielekezwa pale hasa kifafa kianziapo. Nacho husikiliza mawimbi ya ubongo usiku na mchana, na kitambuapo dalili za kifafa kutaka kupanda, hupeleka umeme hafifu, ambao mgonjwa aghalabu hauhisi, ili kukituliza kabla hakijamwangusha. Hakiyaponyi maradhi kabisa, lakini kwa wengi huyapunguza mwaka hadi mwaka. Na kwa aliyezoea kuanguka kando ya jiko la moto, hiyo ni rehema kubwa.